Uthibitishaji wa mtumiaji kwa tokeni

Uthibitishaji wa mtumiaji kwa tokeni ni njia ya kumtambua mtumiaji wa huduma ya wavuti kwa kumpa ushahidi mfupi wa kidijitali, unaoitwa tokeni, pale anapoingia kwa jina na neno la siri. Kuanzia hapo hatumi tena neno lake la siri. Kila ombi linalokwenda kwenye seva hubeba tokeni, na seva huikagua kabla ya kujibu. Njia hii hutumika katika programu za simu, huduma za pesa, mifumo ya takwimu za afya na popote programu moja inapowasiliana na nyingine kupitia intaneti.

Nguvu ya tokeni iliyotiwa sahihi ni kwamba anayeipokea anaweza kuikagua mwenyewe bila kumuuliza aliyeitoa. Udhaifu wake unatokana na jambo hilohilo: ikishatolewa, ni vigumu kuirudisha. Kwa sababu hiyo uamuzi mkubwa katika ujenzi wa mfumo wa aina hii ni tokeni iishi kwa muda gani, na nini kifanyike ikiibwa.

Maana ya istilahi

Uthibitishaji hujibu swali "Huyu ni nani?" Uidhinishaji hujibu swali lingine: "Ana ruhusa ya kufanya nini?" Tokeni moja inaweza kubeba majibu yote mawili, lakini mjenzi wa mfumo anapaswa kuyatenganisha. Mtu anaweza kuwa amethibitishwa kikamilifu na bado asiwe na ruhusa ya kufuta kumbukumbu za wengine.

Tokeni nyingi za wavuti ni za mchukuzi: yeyote aliye nayo anahesabiwa kuwa mwenyewe, kama ilivyo kwa noti ya fedha. Seva haiwezi kujua kama ombi limetoka kwenye simu ya mwenye akaunti au kwa mwizi aliyenakili tokeni yake.

Mfano wa LUKU

Nchini Tanzania neno tokeni linajulikana zaidi kutokana na LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, mfumo wa malipo ya kabla wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Mteja akilipa kwa simu au kwa wakala hupata tarakimu 20, huziingiza kwenye mita, na mita huongeza uniti. Tarakimu hizo si namba za kubahatisha. Ni ujumbe uliofichwa kwa ufunguo ulio maalumu kwa mita ile, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha STS kilichoanzia Afrika Kusini. Ndiyo maana tokeni iliyonunuliwa kwa namba ya mita moja haikubaliki kwenye mita ya jirani.

Mita ya kawaida ya LUKU haihitaji mtandao ili kukubali tokeni. Hufungua ujumbe kwa ufunguo wake, husoma kiasi cha umeme na wakati tokeni ilipotengenezwa, kisha hulinganisha na kumbukumbu ya tokeni ilizokwisha kupokea ili tokeni moja isitumike mara mbili. Kazi yote ya ukaguzi hufanyika ukutani mwa nyumba. Wazo hilo ndilo msingi wa tokeni za wavuti zilizotiwa sahihi: mkaguzi ana ufunguo, kwa hiyo hana haja ya kupiga simu makao makuu.

LUKU inaonyesha pia jinsi muda unavyoweza kuusumbua mfumo wa tokeni. Katika kiwango cha STS, wakati wa kutengenezwa kwa tokeni huhesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ni biti 24, zinazotosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo, mita ambayo haikubadilishwa ingeziona tokeni mpya kuwa za zamani na kuzikataa. Mashirika ya umeme katika nchi nyingi yalilazimika kuwapa wateja tokeni maalumu za kubadilisha ufunguo wa mita. Nchini Tanzania wateja walipokea makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kubadilisha mita na la tatu la umeme wenyewe, na walipaswa kuyaingiza kwa mpangilio. Uamuzi uliofanywa na wahandisi wachache kuhusu ukubwa wa sehemu moja ya tokeni uligusa kila nyumba yenye mita ya namna hiyo miaka zaidi ya 30 baadaye.

Historia

Itifaki ya HTTP, inayobeba kurasa za wavuti, haina kumbukumbu. Kila ombi linajitegemea, na seva haijui kwamba anayeomba sasa ndiye aliyeingia dakika moja iliyopita. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni vidakuzi, vipande vidogo vya data ambavyo kivinjari huvirudisha kwa seva kila mara. Kwa njia hiyo seva iliweza kumpa mtumiaji namba ya kikao, na kuweka taarifa za kikao hicho katika hifadhidata yake.

Wazo la hati ya kidijitali yenye muda maalumu ni la zamani zaidi. Mfumo wa Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani miaka ya 1980, ulitoa tiketi zinazokwisha muda ili mtumiaji asitume neno lake la siri kwa kila kompyuta ya chuo.

Mahitaji yaliongezeka pale huduma moja ilipotaka kutumia taarifa za mtumiaji zilizo katika huduma nyingine. Awali watu waliombwa kutoa neno la siri la huduma ya kwanza kwa huduma ya pili, jambo lililoipa huduma ya pili mamlaka yote. Kiwango cha OAuth, ambacho toleo lake la kwanza lilikamilika Desemba 2007, kiliweka tokeni yenye ruhusa chache mahali pa neno la siri. OAuth 2.0 ilichapishwa Oktoba 2012 kama RFC 6749, pamoja na RFC 6750 inayoeleza tokeni za mchukuzi. Mei 2015 ilichapishwa RFC 7519 inayoeleza muundo wa JWT, kazi ya Michael B. Jones, John Bradley na Nat Sakimura.

Aina za tokeni

Kuna aina kuu mbili.

Tokeni isiyosomeka ni mfuatano mrefu wa herufi za nasibu usio na maana ndani yake. Seva huitafuta katika hifadhidata ili kujua ni ya nani. Kuifuta ni rahisi: mstari wake ukiondolewa, tokeni imekufa. Gharama yake ni kwamba kila ombi linahitaji kuulizia hifadhidata.

Tokeni inayojieleza hubeba taarifa ndani yake pamoja na sahihi. JWT ndiyo maarufu zaidi. Ina sehemu tatu zinazotenganishwa kwa nukta: kichwa kinachotaja aina ya sahihi, kiini chenye madai kuhusu mtumiaji, na sahihi yenyewe. Kiini kinaweza kuwa hivi:

{"sub": "4127", "jukumu": "mkulima", "iat": 1732338000, "exp": 1732338900}

Hapa sub ni namba ya mtumiaji, iat ni wakati wa kutolewa na exp ni mwisho wa uhai wa tokeni, kwa sekunde zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970. Tokeni ya mfano huu ilitolewa Jumamosi tarehe 23 Novemba 2024 saa 2:00 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na inakwisha dakika 15 baadaye.

Sahihi hutengenezwa kwa njia mojawapo kati ya mbili. Katika HS256, mtoaji na mkaguzi hutumia ufunguo mmoja wa siri, kama ilivyo kwa LUKU. Katika RS256 mtoaji hutia sahihi kwa ufunguo wa faragha, na mkaguzi hutumia ufunguo wa hadhara usioweza kutengeneza sahihi mpya. Njia ya pili inafaa pale wakaguzi ni wengi, kwa sababu mkaguzi mmoja akivamiwa hakuna ufunguo wa kutengenezea tokeni unaovuja.

Sahihi huzuia kiini kisibadilishwe, lakini haikifichi. Yeyote anayeipata JWT ya kawaida anaweza kukisoma kiini chake. Kwa hiyo haifai kuweka humo neno la siri, taarifa za ugonjwa au namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA, kwa mfano, huanza na tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe.

Hatua za ujenzi

Hatua za kujenga mfumo huu zinaonekana vizuri kwa mfano wa kubuni. Tengeru, mji mdogo ulio mashariki mwa jiji la Arusha kando ya barabara ya Moshi, una soko kubwa linalofurika Jumatano na Jumamosi, ambako wakulima wa miteremko ya Mlima Meru huleta ndizi na mboga. Chukua huduma ya wavuti inayotangaza bei za soko hilo. Mkulima husoma bei na kuandika mazao aliyo nayo, mchuuzi huweka oda, na karani wa soko peke yake ndiye anayeandika bei ya siku.

1. Usajili. Mtumiaji huchagua neno la siri. Seva hailihifadhi kama lilivyo, bali huhifadhi hashi yake iliyotengenezwa polepole kwa makusudi, kwa mfano kwa bcrypt au Argon2, pamoja na chumvi, yaani data ya nasibu iliyo tofauti kwa kila mtumiaji. Hifadhidata ikiibwa, mwizi hapati maneno ya siri moja kwa moja.

2. Kuingia. Mtumiaji hutuma jina na neno la siri kupitia HTTPS. Seva hulinganisha hashi. Ujumbe wa makosa unapaswa kuwa mmoja, jina likiwa halipo au neno la siri likiwa si sahihi, ili mgeni asijue ni majina gani yamesajiliwa. Idadi ya majaribio iwekewe kikomo.

3. Kutoa tokeni. Seva hutoa tokeni mbili. Ya kwanza ni tokeni ya ufikiaji, yenye uhai mfupi, kwa mfano dakika 15. Ya pili ni tokeni ya kuhuisha, yenye uhai mrefu, kwa mfano siku 30, ambayo hashi yake huhifadhiwa katika hifadhidata pamoja na jina la kifaa.

4. Kutuma ombi. Programu ya simu huweka tokeni ya ufikiaji katika kichwa cha ombi kiitwacho Authorization, baada ya neno Bearer. Haifai kuiweka katika anwani ya ukurasa, kwa sababu anwani hubaki katika kumbukumbu za kivinjari na za seva.

5. Kukagua. Seva hupima sahihi kwa aina iliyoamuliwa na seva yenyewe, kisha hutazama muda wa mwisho, mtoaji na huduma iliyokusudiwa. Kipimo kimoja kikishindwa, ombi hukataliwa kwa jibu namba 401.

6. Kuidhinisha. Seva hutazama jukumu. Mkulima akijaribu kuandika bei ya siku hupewa jibu namba 403: anajulikana, lakini hana ruhusa. Ukaguzi huu lazima ufanyike kwenye seva. Kuficha kitufe kwenye skrini hakumzuii mtu anayetuma maombi kwa programu yake mwenyewe.

7. Kuhuisha. Tokeni ya ufikiaji ikiisha, programu hutuma tokeni ya kuhuisha na kupewa jozi mpya, na ile ya zamani hufutwa. Tokeni iliyofutwa ikitumwa tena, ni dalili kwamba kuna nakila mbili mikononi mwa watu wawili, na seva hufunga kikao chote.

Muda na ubatilishaji

Muda mfupi huongeza usalama na hupunguza raha ya mtumiaji. Tokeni ya mwezi mzima isiyoweza kufutwa humpa mwizi mwezi mzima. Tokeni ya dakika moja huilazimisha simu kuomba mpya kila mara, na mahali ambapo mtandao ni hafifu mtumiaji hujikuta nje ya mfumo katikati ya kazi. Matumizi ya tokeni mbili ni suluhu kati ya mahitaji hayo.

Katika mfano wa soko, simu ya karani ikiibwa asubuhi ya Jumamosi ikiwa imefunguliwa, aliyeichukua anaweza kuandika bei ya uongo, na mkulima aliyeshusha ndizi akauza kwa hasara kabla bei haijasahihishwa. Kubadilisha neno la siri peke yake hakutoshi, kwa kuwa tokeni iliyokwisha kutolewa haitegemei tena neno hilo. Mfumo unahitaji njia ya kufunga vifaa vyote vya akaunti, itakayofuta tokeni zake za kuhuisha. Hata hivyo tokeni ya ufikiaji itaendelea kukubaliwa hadi dakika zake ziishe. Kwa kazi nyeti kama kuandika bei au kutoa pesa, seva inaweza kuulizia hifadhidata kila mara, au kudai neno la siri upya.

Saa za kompyuta nazo ni sehemu ya usalama. Seva mbili zikitofautiana kwa dakika kadhaa, moja itakataa tokeni halali iliyotolewa na nyingine. Seva hupangwa kufuata saa moja ya mtandao, na ukaguzi huruhusu tofauti ya sekunde chache. Mifumo inayohifadhi sekunde katika namba ya biti 32 yenye alama itafika mwisho wake tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tatizo la jamii ileile iliyozikumba mita za LUKU.

Hatari

Wizi wa tokeni. Mwaka 2018 kampuni ya Facebook ilitangaza kwamba wavamizi walitumia kasoro katika kipengele cha kutazama wasifu kwa macho ya mtu mwingine, wakaiba tokeni za ufikiaji za watu takriban milioni 30. Hawakuhitaji neno la siri la mtu yeyote. Kampuni ilifuta tokeni za akaunti takriban milioni 90 kwa tahadhari, na wenye akaunti hizo wakalazimika kuingia upya.

Msimbo wa mgeni ndani ya ukurasa. Tokeni iliyohifadhiwa mahali panaposomeka na JavaScript inaweza kuchukuliwa na msimbo wowote uliopenyezwa katika ukurasa. Kidakuzi chenye alama za HttpOnly, Secure na SameSite husaidia kwenye vivinjari. Kwenye simu hutumika hifadhi salama ya mfumo wa simu.

Kuamini kichwa cha tokeni. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba maktaba kadhaa za JWT zilikubali tokeni iliyotaja yenyewe kwamba haina sahihi. Ilikuwa sawa na mlinzi kumuuliza mgeni iwapo anahitaji kukaguliwa. Mwongozo wa RFC 8725 wa mwaka 2020 unataka mkaguzi aamue mwenyewe aina za sahihi anazozikubali.

Ufunguo dhaifu au uliovuja. Ufunguo wa HS256 unapaswa kuwa na angalau biti 256 za nasibu. Neno la kawaida linaweza kukisiwa na mtu mwenye tokeni moja tu, akiwa kwenye kompyuta yake bila kuigusa seva. Ufunguo hauwekwi ndani ya msimbo wa programu unaogawanywa kwa wengine.

Matumizi Afrika Mashariki

Nchini Kenya, Daraja ni kiolesura kinachowawezesha wafanyabiashara kuunganisha programu zao na M-Pesa ya Safaricom. Programu ya mfanyabiashara hutuma ufunguo na siri yake, hupewa tokeni ya ufikiaji yenye uhai wa sekunde 3,599, kisha huitumia kwa kila ombi la malipo. Tokeni hiyo huthibitisha programu ya mfanyabiashara, si mteja. Mteja anayeombwa kulipa huidhinisha malipo kwa kuandika namba yake ya siri kwenye simu yake mwenyewe. Kwa hiyo tokeni ya biashara ikiibwa, haitoshi yenyewe kuchukua pesa mfukoni mwa mteja kwa njia hiyo.

Katika sekta ya afya, mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za nchi nyingi ikiwemo Tanzania, huruhusu tokeni binafsi za ufikiaji. Mwenye akaunti anaweza kuipa programu nyingine tokeni yenye tarehe ya mwisho, akaiwekea mipaka ya aina za maombi na anwani za kompyuta zinazoruhusiwa, na kuifuta bila kubadilisha neno lake la siri.

Tengeru yenyewe ni makao ya Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela (NM-AIST), iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Taasisi hiyo hutoa shahada za uzamili na uzamivu, na ina shule ya sayansi na uhandisi wa kompyuta na mawasiliano.

Sheria

Tokeni inayomtambulisha mtu ni njia ya kufikia taarifa zake binafsi, na mara nyingi hubeba baadhi ya taarifa hizo. Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na husimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hizi humtaka mkusanyaji wa taarifa azilinde dhidi ya kufikiwa na wasiohusika na asikusanye zaidi ya anachohitaji. Kwa mjenzi wa huduma ya wavuti maana yake ni kuweka madai machache ndani ya tokeni, kuipa uhai usiozidi kazi yake, na kuwa na njia ya kuifuta kabla ya siku inapohitajika.